Nguruwe Akishapewa Jina

Katika lugha yetu wanyama wengi wametukanwa: punda kwa ujinga wake, fisi kwa uroho, mbwa kwa kukosa haya. Lakini fungu kubwa la matusi limemwangukia nguruwe. Mlafi huambiwa ni nguruwe. Mchafu huambiwa ni nguruwe. Na jina lake la pili, hanziri, ambalo tumelipokea kutoka Kiarabu, aghalabu halitamkwi kwa kumtaja mnyama bali kwa kumtweza binadamu. La kustaajabisha ni kwamba mnyama huyu huyu, akichukuliwa angali mdogo na kulelewa karibu na watu, humtambua mlezi wake, huitika akiitwa, humfuata nyuma kama mbwa, na hujibwaga ubavu ili akunwe tumbo. Wako watu duniani wanaomfuga si kwa nyama wala kwa fedha, bali kwa kumpenda tu. Je, mapenzi ya namna hiyo yaweza kukaa katika ua wa nyumba ya Kator, mjini Juba? Na yakikaa, yanamdai mfugaji nini?

Kator ni mtaa wa zamani wa Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru wake tarehe 9 Julai 2011. Ndipo lilipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa, ambamo marehemu Papa Fransisko alikutana na maaskofu, mapadre na watawa tarehe 4 Februari 2023. Si mbali na hapo liko soko la Konyo Konyo, ambako Kiswahili husikika midomoni mwa wafanyabiashara kutoka Uganda na Kenya, na pia mwa wenyeji waliokulia ukimbizini katika nchi hizo. Tangu Sudan Kusini ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, lugha hii imepata sababu zaidi ya kubisha hodi Juba. Kwa wakazi wengi wa Kator, ambao ni Wakristo, nguruwe si haramu. Hata hivyo Malakia, mtaa wenye familia za Kiislamu za miaka mingi, uko jirani, na ndani ya Kator kwenyewe Msabato naye hali nyama hiyo. Jambo hili tutalirudia.

Asije mtu akadhani kwamba kumpenda mnyama ni mtindo wa ugenini. Sudan Kusini ni miongoni mwa nchi ambazo mapenzi ya mtu kwa mnyama yameimbwa kwa fahari kubwa. Kijana wa Kidinka au wa Kinuer huwa na maksai wake wa pekee. Hujiita kwa jina linalotokana na rangi na madoa ya mnyama huyo, humpamba pembe, na humtungia nyimbo. Evans-Pritchard aliyaeleza hayo kwa upande wa Wanuer katika kitabu chake cha mwaka 1940. Na Francis Mading Deng, ambaye ni Mdinka mwenyewe, alizikusanya nyimbo za watu wake na kuzichapisha mwaka 1973. Basi mwenyeji wa nchi hii hana haja ya kufundishwa kwamba mnyama anaweza kuwa na jina na heshima. Anachoweza kukikataa ni kwamba mnyama huyo awe nguruwe.

Kwa hili yafaa tutazame mbali kidogo, katika milima ya Papua New Guinea, ambako nguruwe ameshika nafasi inayokaribia ile ya ng'ombe kwa Mdinka. Roy Rappaport, aliyeishi na watu wa Tsembaga na kuandika habari zao mwaka 1968, alieleza jinsi mwanamke anavyokilea kitoto cha nguruwe: kwanza hukiongoza kwa kamba kwenda nacho shambani, kisha kamba huachwa, na mnyama humfuata mama yake huyo kwa hiari kila aendako. Nguruwe huyo hutunzwa kwa miaka. Halafu, siku ya sikukuu kubwa ya ukoo ikifika, huchinjwa. Wazungu waliosoma habari hizi walishangaa kwamba mapenzi na kisu vinakaa nyumba moja. Mchungaji wa Kidinka, ambaye maksai wake hutolewa sadaka, asingeshangaa hata kidogo.

Sasa tumtazame mnyama mwenyewe. Akili ya nguruwe si hadithi ya wapenzi wake tu. Mwaka 2009 Donald Broom wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio lao la kioo. Waliwaacha nguruwe wachanga wakizoee kioo kwa saa tano, kisha wakaweka bakuli la chakula nyuma ya kizuizi, mahali ambapo bakuli lingeonekana katika kioo tu. Kati ya nguruwe wanane, saba walikipa kioo kisogo, wakazunguka kizuizi na kulifikia bakuli, kwa wastani wa sekunde 23. Wale ambao hawakuwahi kukiona kioo walikwenda kukitafuta chakula nyuma ya kioo, kama ambavyo mtoto mdogo angefanya.

Mwaka 2021 zikatoka habari nyingine kutoka Marekani, za nguruwe wanne waliofundishwa kusukuma kijiti kwa pua ili kukiongoza kidoa katika skrini ya kompyuta. Walifanya vizuri kuliko bahati nasibu, ingawa vidole hawana na macho yao huona karibu kwa shida. Lakini lililonigusa mimi si ule mchezo. Ni kwamba mashine ya kuwatunza kwa chakula ilipoharibika, waliendelea kucheza kwa kusifiwa kwa maneno na kupapaswa tu. (Mmoja wao alikuwa amepewa jina la Omelette, yaani mayai ya kukaanga. Binadamu hata akipenda, hasahau kabisa kifungua kinywa.)

Huo ndio uzuri wa nguruwe, na hapo hapo ndipo taabu yake inapoanzia. Mnyama mwenye akili nyingi huchoka upesi kwa kufungwa bila kazi. Pua yake imeumbwa kufukua. Asipopewa ardhi ya kufukua, atafukua bustani ya mchicha, msingi wa ukuta wa udongo, na mkeka wa mgeni. Atajifunza kufungua mlango usio na komeo imara. Akizoeshwa kupewa chakula mkononi, huanza kudai. Naye nguruwe wa kilo 80 akidai, mtoto wa miaka mitano huanguka chini. Mbwa aliyekosa malezi hubweka. Nguruwe aliyekosa malezi husukuma.

Kuhusu uchafu, hapana budi haki itendeke. Nguruwe hana tezi za jasho za kumfaa. Ng'ombe hutoa jasho, nasi hutoa jasho. Yeye hugaagaa topeni, kwa sababu tope lenye maji humpoza ngozi na kumkinga na jua na nzi. Akipewa nafasi ya kutosha, hutenga mahali pa kulala na mahali pa haja, na hapachanganyi. Anayelala katika mavi yake ni yule aliyefungiwa mahali padogo na mtu. Juba, mwezi wa Machi, joto la mchana hukaribia nyuzi 38. Nguruwe asiye na kivuli wala maji katika joto hilo aweza kufa kabla ya jioni. Basi mfugaji wa Kator anahitaji kivuli, shimo la tope, na maji ya kunywa yasiyopungua lita 10 kwa siku kwa mnyama mkubwa. Sehemu kubwa ya Juba haina maji ya bomba. Watu huyanunua kutoka kwa magari ya matangi, pipa kwa pipa. Familia inayopima maji ya kuoga kwa kikombe itamchotea nguruwe maji ya tope kutoka wapi? Swali hili peke yake limewatoa wengi katika safari hii kabla hawajaianza, na sioni kwamba walikosea.

Lakini liko swali zito zaidi, nalo ni la tegu. Hapa naomba msomaji avumilie maelezo marefu kidogo, maana jambo hili halieleweki vizuri, na kutoeleweka kwake kunaleta ugonjwa.

Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko vya tegu ambayo haikuiva, tegu hukua ndani ya utumbo wake na kufikia urefu wa mita kadhaa. Mara nyingi mtu huyo hajijui. Mayai ya tegu hutoka pamoja na kinyesi chake. Nguruwe anayezurura akikila kinyesi hicho, mayai huanguliwa tumboni mwake, na viini vyake husambaa katika misuli na kuwa vifuko vidogo vyeupe, mfano wa punje za mchele. Nyama hiyo ikiliwa bila kuiva, mzunguko huanza upya. Kama mambo yangeishia hapo, mtu ambaye hali nguruwe angekuwa salama. Hayaishii hapo. Binadamu naye akiyameza yale mayai, kwa mikono isiyonawiwa, kwa mboga au kwa maji, vifuko hujijenga ndani ya mwili wake mwenyewe, na vikifika ubongoni humletea kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba, katika sehemu ambazo tegu huyu ameenea, kiasi cha asilimia 30 ya kifafa chote chatokana naye.

Msomaji na aitazame njia hiyo tena. Mayai hayatoki kwa nguruwe; yanatoka kwa mtu. Mtoto anayemkuna nguruwe tumbo hapati tegu kwa kumkuna. Aliye hatarini zaidi ni mtoto anayekula chakula kilichotayarishwa na mtu mwenye tegu asiyenawa mikono, hata kama mtoto huyo hajawahi kumwona nguruwe maishani mwake. Ndiyo maana Mwislamu wa Malakia au Msabato wa Kator aweza kuugua ugonjwa unaoitwa wa nguruwe bila kuonja nyama yake hata siku moja. Kosa liko chooni, au tuseme liko pale ambapo choo hakipo. Nguruwe amekula tulichokiacha nje, nasi tukamwita mchafu.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa Tanzania ni wilaya ya Mbulu. Huko, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 uliwakuta nguruwe karibu 17 katika kila 100 wakiwa na vifuko vilivyohisika kwa kupapaswa ulimi. Wataalamu wametumia miaka mingi kuwaeleza wananchi wa huko mambo matatu: choo, banda, na nyama iive. Iko pia dawa, oksifendazoli, ambayo nguruwe akipewa kipimo chake mara moja huua vifuko vilivyo katika misuli. Bwana mifugo ndiye wa kuulizwa habari zake. Lakini tusimbebeshe nguruwe mzigo usio wake. Kifafa kingi kilichoonekana Maridi, magharibi ya Juba, kimehusishwa na usubi, yaani upofu wa mtoni, unaoenezwa na inzi wadogo wanaozaliana katika maji yaendayo kasi. Kila mwenye kifafa si lazima jirani yake awe na nguruwe.

Ugonjwa mwingine haumgusi binadamu hata kidogo, bali humwondolea rafiki yake katika muda wa siku chache. Ni homa ya nguruwe ya Afrika. Mtu wa kwanza kuieleza kitaalamu alikuwa Montgomery, aliyeandika mwaka 1921 juu ya vifo vya nguruwe wa walowezi nchini Kenya. Virusi vyake huishi kwa ngiri bila kumdhuru, na papasi wanaokaa katika mashimo ya ngiri huvihamisha. (Ngiri mashuhuri kuliko wote duniani, yule wa filamu ya Kimarekani ya mwaka 1994, anaitwa Pumbaa, neno letu wenyewe la mtu aliyeduwaa. Ngiri wa kweli haduwai. Yeye huishi na ugonjwa unaowamaliza binamu zake.) Mjini, hata hivyo, ugonjwa hauji na ngiri. Huja na nguruwe mgonjwa aliyeuzwa upesi kabla hajafa, na viatu vya mchuuzi aliyetoka banda moja kuingia jingine, na makombo yenye mabaki ya nyama ya nguruwe. Dawa ya kuuponya haipo. Mfugaji anayempa nguruwe wake mabaki ya hotelini bila kuyachemsha kwanza anacheza kamari.

Turudi sasa kwa majirani. Nguruwe na mji ni ugomvi wa zamani. Mwaka 1131 mrithi wa ufalme wa Ufaransa, kijana Philippe, alikufa baada ya farasi wake kumkwaa nguruwe katika njia ya Paris. Baada ya msiba huo nguruwe walipigwa marufuku kuzurura mjini, isipokuwa wale wa watawa wa Mtakatifu Antoni, ambao walivalishwa kengele. Huko Dar es Salaam, mwezi Aprili 1993, maduka ya nyama ya nguruwe yalishambuliwa, na serikali ikalazimika kuingilia kati. Na chini zaidi katika Mto Nile, mto ule ule unaopita Juba, Misri iliamuru mwaka 2009 nguruwe wote wachinjwe kwa hofu ya homa ya mafua iliyopewa jina lao. Walikuwa kiasi cha 300,000, na wengi walikuwa mali ya wazoataka wa Kairo, Wakristo waliowalisha kwa mabaki ya chakula cha mji. Shirika la Afya Duniani lilisema wakati ule ule kwamba kuwachinja hakukuwa na haja, kwa kuwa mafua hayo yalikuwa yakienezwa na watu kwa watu. Miezi michache baadaye taka za chakula zilirundikana katika njia za Kairo, maana aliyekuwa akizila hakuwapo tena.

Naandika haya kwa sababu katika mtaa uliochanganyika kama wa Kator, ua usio na uzio ni matusi, hata kama mwenye nyumba hakukusudia kumtukana mtu. Nguruwe akipita mbele ya mlango wa mtu anayemwona najisi, haitoshi kusema kwamba ni mpole na ana jina. Uzio wenyewe hauna budi kuingia ardhini, maana nguruwe hapandi juu, hupita chini.

Liko pia suala la ukubwa na umri. Katika miaka ya 1980 walipelekwa Kanada, na kutoka huko Marekani, nguruwe wadogo wenye asili ya Vietnam, wenye matumbo yaning'iniayo. Watu wakawanunua kwa bei kubwa wakiambiwa kwamba hawatakua. Walikua. Mwigizaji George Clooney alikuwa na mmoja aitwaye Max, aliyeishi naye miaka 18 hadi alipokufa mwaka 2006, akiwa mzito kuliko bwana wake. Huko Ontario, Kanada, watu wawili walimchukua mwaka 2012 kitoto aliyesemekana kuwa wa aina ndogo, wakamwita Esther. Alipita kilo 250, wakalazimika kuhamia shambani kwa ajili yake, naye akaishi hadi mwaka 2023.

Kwa nguruwe wa kawaida wa Juba hakuna anayedanganywa juu ya ukubwa, lakini umri husahaulika. Nguruwe asiyechinjwa aweza kuishi miaka 15. Atakayepewa jina na mtoto anayeanza shule atakuwa hai mtoto huyo akimaliza sekondari. Na Juba ni mji ambao watu wake waliukimbia Desemba 2013, na wengine tena Julai 2016, wakiwa na vitu vilivyoweza kubebwa kichwani. Mbuzi huswagwa na watu wakitembea. Nguruwe mnene hatembei safari ya namna hiyo.

Kwa hiyo katika nyua nyingi za Kator nguruwe wa kupendwa tu, asiye na siku ya mwisho, ni jambo la nadharia. Linalotokea kweli ni la katikati: kitoto cha nguruwe kimenunuliwa kiwe akiba ya ada au ya sikukuu, watoto wakakilisha machicha ya pombe na maganda, wakakipa jina, na kabla mwaka haujaisha kimekuwa mtu wa nyumbani. Aliyenunuliwa Aprili, mvua zikianza, huwa wa kuchinjwa karibu na Krismasi, na bei nayo wakati huo huwa nzuri. Hapo wazazi wengine huona njia rahisi ni kumwondoa watoto wakiwa shuleni na kusema ametoroka. Mimi siioni kuwa njia rahisi. Mtoto atautafuta mtaa mzima, na ataijua kweli kutoka kwa watoto wenzake ifikapo jioni. Kama nguruwe ni wa kuuzwa, mtoto na aambiwe siku ile ile anapoomba ruhusa ya kumpa jina. Akiambiwa, bado atampa, lakini atakuwa amejua.

Margaret Mead, aliyekaa na Waarapesh wa New Guinea na kuandika juu yao mwaka 1935, alieleza kwamba mtu wa kabila hilo hakumla nguruwe aliyemlea mwenyewe. Alimpa mwingine amle, naye akala aliyelelewa na mwingine. Nyumba mbili za Kator zinazofuga zaweza kufanya vivyo hivyo siku ya mkesha, moja ikapeleka mguu kwa nyingine na kupokea mguu. Watoto watalia vile vile, lakini hakuna atakayelazimishwa kukaa mbele ya sahani ya aliyemwita kwa jina.